Mwanao akiumia akiwa jeshini: nani anamtibu, wapi, na nani anaamua?

Mama au mlezi mwenye kijana kambini JKT Mafinga, au mwenye ndugu aliyekwenda kulinda amani nje ya nchi, huwa na swali analolala nalo: akiumia huko, nani atamshika? Makala hii inaeleza jinsi huduma za afya za jeshi zinavyopangwa kuanzia uwanjani hadi hospitali kubwa, nani anatoa amri, na wewe ufanye nini kabla kijana hajaondoka. Mwishoni utaona kwamba mpango huohuo unaweza kuokoa maisha nyumbani kwako pia.

Kwa ufupi

- Majeruhi wa jeshi hupandishwa ngazi kwa ngazi. Kila ngazi hufanya kazi yake tu, kisha humpeleka mbele.
- Ngazi ya kwanza ni mwenzake aliye karibu naye, kabla hata daktari hajafika.
- Kamanda huamua njia, usafiri na ulinzi. Daktari huamua nani atibiwe kwanza na kwa namna gani.
- Taarifa za afya unazompa kijana kabla ya kuondoka zinaweza kumwokoa kuliko dawa utakazomfungia begini.

Historia inayoanzia hapa kwetu

Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nyanda zetu. Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Malangali na Lupembe, na Novemba mwaka huo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Hübener kilijisalimisha hapa Ilembula. Majeshi yote mawili yalitegemea wapagazi, yaani Waafrika waliobeba chakula, risasi na majeruhi kichwani na mabegani. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu wa nyanda za baridi walipelekwa mabondeni kwenye mbu wengi, na wa pwani walipandishwa kwenye baridi bila blanketi. Maji hayakuchemshwa, vyoo havikuchimbwa, na posho ilikuwa chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Waganga walikuwa wachache, na mipango ya afya ilikuja baada ya mipango ya vita.

Majeshi mengi yamejifunza kutokana na vifo vya namna hiyo. Ndiyo maana leo kazi ya kitengo cha tiba haianzi mtu anapojeruhiwa. Inaanza na maji, vyoo, chanjo, vyandarua na ukaguzi wa jikoni. Daktari wa kikosi akisema maji ya kisima fulani hayafai, kamanda ndiye anayetoa amri ya kutoyatumia.

Ngazi nne za matibabu

Nchi hutofautiana kwa majina, lakini mpango unafanana. Huu hapa ni mpango wa Umoja wa Mataifa, ambao wanajeshi wa Tanzania hufanya nao kazi wanapokwenda kulinda amani.

Kabla ya ngazi zote: mwenzake. Kila mwanajeshi hufundishwa huduma ya kwanza: kuzuia damu, kumlaza vizuri aliyezimia, kuita msaada. Katika kundi lake huwa pia na mhudumu wa tiba mwenye mafunzo zaidi na mkoba wa vifaa.

Ngazi ya 1: zahanati ya kikosi. Hii hutembea na kikosi. Ina daktari au tabibu, wahudumu wachache na gari la wagonjwa. Kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa, iweze kuona wagonjwa 20 wa nje kwa siku na kulaza 5 kwa siku zisizozidi 2. Hapa hutibiwa mafua, malaria ya kawaida na vidonda vidogo, na majeruhi mzito hutulizwa ili aweze kusafirishwa.

Ngazi ya 2: hospitali ndogo ya uwanjani. Hapa ndipo upasuaji unapoanza. Huweza kufanya upasuaji 3 au 4 kwa siku na kulaza wagonjwa 10 hadi 20 kwa muda usiozidi siku 7. Ina maabara, picha ya eksirei na damu ya kuongezea.

Ngazi ya 3: hospitali kubwa ya uwanjani. Ina madaktari bingwa na chumba cha wagonjwa mahututi. Huweza kufanya upasuaji hadi 10 kwa siku na kulaza wagonjwa 50 kwa muda wa hadi siku 30.

Ngazi ya 4: hospitali kamili nje ya eneo la mapigano. Hapa hutolewa matibabu ya muda mrefu, upasuaji wa kurekebisha viungo, mazoezi ya viungo na huduma za afya ya akili. Kwa mwanajeshi aliyerudishwa Tanzania, hospitali inayojulikana zaidi ni Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, Dar es Salaam, ambayo hutibu raia pia.

Wazazi wengi hushangaa wakisikia kwamba kijana amefanyiwa "upasuaji wa haraka tu" kisha akahamishwa. Huo si uzembe. Daktari wa ngazi ya chini anatakiwa kuzuia damu, kusafisha kidonda na kumfikisha mgonjwa akiwa hai. Akitaka kumaliza kila kitu hapohapo, mgonjwa wa pili aliye nje ya hema atakufa akisubiri.

Nani anatoa amri?

Jeshini kuna mistari miwili, na ni vizuri uielewe.

Mstari wa kwanza ni wa amri. Mkuu wa kikosi ndiye mwenye dhamana ya watu wake wote, wakiwemo wahudumu wa tiba. Yeye huamua zahanati ikae wapi, gari au helikopta iende lini, na nani alinde njia. Daktari, hata akiwa na cheo cha juu, hatumi msafara barabarani bila idhini ya kamanda, kwa sababu msafara ukivamiwa majeruhi watakuwa wengi zaidi.

Mstari wa pili ni wa utaalamu. Daktari wa kikosi huwasiliana na daktari wa ngazi ya juu yake, hadi kwa mkuu wa tiba. Katika mstari huu hujadiliwa dawa, magonjwa ya mlipuko, vitanda vilivyo wazi na mgonjwa wa kuhamishwa. Kamanda haamui mguu ukatwe au usikatwe. Hilo ni la daktari.

Mistari hii ikifanya kazi pamoja, mgonjwa hufika. Ikivutana, hukwama njiani. Kwa hiyo kikosi kizuri huandika mpango wa kuokoa majeruhi kabla ya kutoka kambini: nani anaita, kwa redio ipi, gari lipi linakwenda, njia ya pili ni ipi kama ya kwanza imefungwa, na hospitali ipi inasubiri.

Nani anatibiwa kwanza?

Majeruhi wengi wakifika kwa pamoja, mhudumu mmoja huwapitia haraka na kuwapanga kwa rangi.

- Nyekundu: atakufa asipohudumiwa sasa hivi, lakini anaweza kuokolewa.
- Njano: ameumia sana, ila anaweza kusubiri kidogo.
- Kijani: anaweza kutembea na kusubiri.
- Nyeusi: amefariki, au ameumia kiasi kwamba vifaa vilivyopo haviwezi kumwokoa.

Cheo hakiangaliwi. Daktari wa majeshi ya Ufaransa aliyeitwa Larrey, zaidi ya miaka 200 iliyopita, alisisitiza kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, awe afisa au askari wa kawaida. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 imeweka jambo hilo katika sheria: sababu pekee ya kumtanguliza majeruhi mmoja ni hali yake ya kiafya. Hata adui aliyejeruhiwa anapaswa kutibiwa kwa kipimo hichohicho. Sheria hiyohiyo inakataza kuwashambulia wahudumu wa tiba, hospitali na magari yenye alama ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu.

Dakika 10, saa 1, saa 2

Umoja wa Mataifa umeweka lengo linaloitwa kumi-moja-mbili. Ndani ya dakika 10, damu izuiwe na njia ya hewa iwe wazi. Ndani ya saa 1, majeruhi apate wahudumu wenye ujuzi wa juu. Ndani ya saa 2, aliye na hali mbaya zaidi awe amefikishwa penye upasuaji.

Lengo hili halifikiwi kila mara, na Watanzania tunalijua hilo kwa uchungu. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa. Mapigano yalidumu kwa saa nyingi. Wanajeshi 15 wa Tanzania walipoteza maisha na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2018 ulisema kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa wanajeshi wake. Ulitaja pia kasoro za uongozi na amri, na ukosefu wa nyenzo muhimu kama ndege.

Tunalitaja tukio hili kwa heshima ya familia zilizopoteza wapendwa wao. Linatukumbusha kwamba ujasiri wa askari na ujuzi wa daktari havitoshi. Lazima kuwe na mtu aliyepangwa mapema kuleta usafiri, na usafiri wenyewe uwepo.

Kabla kijana hajaondoka nyumbani

Wengi wa vijana wetu hawaendi vitani. Wanakwenda JKT baada ya kidato cha sita, au kujiunga kwa kujitolea. Hatari zao kubwa ni malaria, joto, upungufu wa maji mwilini, malengelenge ya miguu, kuhara, na ugonjwa wa zamani ulioamka kwa sababu ya mazoezi makali. Haya unaweza kuyafanyia kazi.

1. Zungumzeni juu ya magonjwa aliyo nayo. Pumu, kifafa, selimundu, ugonjwa wa moyo, kisukari, au kuzimia wakati wa mazoezi: yote yasemwe kwa daktari wakati wa uchunguzi wa afya. Wapo vijana wanaoficha wakiogopa kurudishwa nyumbani. Mweleze mwanao kwamba mkufunzi hawezi kumpunguzia mbio kwa ugonjwa asioujua. Mwenye selimundu anaweza kupata hatari kubwa kwa mazoezi makali na ukosefu wa maji.

2. Dawa za kila siku zisikatike. Aende na dawa za kutosha na kadi yake ya kliniki, ziwe za pumu, kifafa, kisukari au VVU. Hali yake ya VVU ni siri yake. Aieleze kwa mhudumu wa afya, na mhudumu huyo anawajibika kuitunza.

3. Malaria. Mkoa wa Njombe una malaria kidogo sana kwa sababu ya baridi. Mtoto aliyekulia Ilembula au Makambako hana kinga aliyonayo mwenzake wa Kigoma au wa pwani. Akipangiwa kambi ya huko, alale ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote apimwe siku hiyohiyo. Asiseme ni uchovu wa mazoezi. Hili ndilo lililowaua wapagazi wengi wa nyanda za juu miaka mia moja na zaidi iliyopita.

4. Mzio. Kama kuna dawa au chakula kinachomdhuru, kiandikwe kwenye karatasi anayotembea nayo.

5. Namba za ndugu wawili. Mtu mmoja anaweza kuwa shambani ambako hakuna mtandao. Hakikisha kambi ina namba mbili zinazopatikana, na ukibadilisha laini, mjulishe kijana ili arekebishe taarifa zake.

6. Mfundishe kuripoti mapema. Vijana wa kiume hasa huona haya kwenda zahanati kwa sababu ya kidonda cha mguu. Malengelenge yaliyotibiwa siku ya kwanza hupona. Yaliyofichwa wiki nzima yanaweza kumlaza kitandani.

Ngazi hizihizi ziko kwako

Ukizitazama vizuri, ngazi za jeshi ni ndugu wa ngazi zetu za uraiani: mhudumu wa afya wa kijiji, zahanati, kituo cha afya, hospitali kama ya Kilutheri ya Ilembula, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Na kama jeshini, ngazi ya kwanza kabisa ni mtu aliye karibu. Panga likimpitia baba mguuni, au mtoto akigongwa na bodaboda, dakika 10 za mwanzo ni zako.

Damu inayotoka kwa wingi. Chukua kitambaa safi, kandamiza juu ya kidonda kwa nguvu na usiachie. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, usikitoe cha kwanza. Endelea kukandamiza mpaka ufike kituoni.

Aliyezimia lakini anapumua. Mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Usimpe maji wala uji.

Baridi. Majeruhi aliyepoteza damu hupoa haraka, na mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu vizuri. Kwa baridi ya kwetu ya Juni na Julai, hili si jambo dogo. Mfunike blanketi juu na chini.

Taarifa. Mhudumu wa jeshi huandika mambo manne kwenye kadi ya majeruhi. Wewe pia yashike kichwani, au yaandike kwenye mkono wako kwa kalamu:
- Amepatwa na nini, na saa ngapi?
- Ameumia au anaumwa wapi?
- Ana dalili gani: anapumuaje, anaongea, amezimia?
- Amepewa nini mpaka sasa, ikiwa ni pamoja na dawa za kienyeji?

Usione aibu kutaja dawa za kienyeji. Daktari anahitaji kujua ili asimpe dawa itakayomdhuru.

Mpango wa familia wa kuokoa mgonjwa

Mama mjamzito anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, sawa na askari aliyepigwa risasi. Naye anahitaji mpango ulioandaliwa kabla. Kaeni kikao cha nyumbani, pamoja na baba na bibi, mkubaliane:

- Nani anaamua kuondoka ikiwa baba hayupo? Jina moja litajwe sasa, ili mgonjwa asisubiri simu ipigwe mjini.
- Nani anapiga simu? Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama.
- Ni bodaboda au gari la nani litatumika ikiwa gari la wagonjwa liko mbali? Ongeeni naye mapema.
- Njia ipi hupitika wakati wa mvua?
- Nani anabaki na watoto wengine, na nani ataambatana na mgonjwa, awe tayari kuchangia damu?

Ondoka mara moja ukiona: damu nyingi, degedege, kuumwa kichwa sana na kuona ukungu kwa mjamzito, mtoto asiyenyonya, mtoto anayepumua haraka au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au mtoto mchanga aliye wa moto sana au wa baridi. Mtoto mchanga asafirishwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa.

Maswali ambayo wazazi huuliza

Je, mwanangu akilazwa kambini nitajulishwa? Jeshi hutumia mawasiliano ya ndugu yaliyoandikwa katika taarifa zake, ndiyo maana namba sahihi ni muhimu. Habari zinazosambaa kwenye makundi ya simu zisikuvunje moyo kabla hujathibitisha kambini.

Je, naweza kumpelekea dawa? Usitume dawa bila daktari wa kambi kujua. Anaweza kupewa dawa mbili za aina moja.

Amerudi mzima, lakini halali, anashtuka, anajitenga. Ni ulevi? Inaweza kuwa jeraha la akili. Huonekana kwa watu waliopitia mapigano au ajali mbaya, na linatibika. Usimcheke wala usimkemee. Msikilize, kisha mpeleke hospitali akaonane na mtoa huduma za afya ya akili. Akisema anataka kujiua, msimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyohiyo.

Cha kufanya leo

Kama una kijana anayejiandaa kwenda kambini, mpeleke zahanati akapimwe na kuandikiwa taarifa zake za afya. Kama huna, chukua karatasi moja, andika majibu ya yale maswali matano ya mpango wa familia, na uibandike nyuma ya mlango. Kila mtu wa nyumbani aisome, hata mtoto wa darasa la nne, kwa sababu siku ya dharura huenda yeye ndiye atakayekuwa karibu.